Kumuuliza mgombea urais kuhusu ahadi zake: mwongozo kamili kwa mpiga kura wa Unguja na Pemba

Mpiga kura wa Zanzibar hukabidhiwa karatasi tano. Tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Mbili ni za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi: rais wa Jamhuri ya Muungano na mbunge. Kwa hiyo mtu wa Konde au Makunduchi ana wagombea wa urais wa aina mbili wa kuwahoji katika msimu mmoja, na masuali mengi mazuri hufa mwanzoni kwa sababu huyu kaulizwa ya yule. Mgombea akiulizwa lisilomhusu hufurahi. Hulizungumza kwa dakika kumi, watu wakapiga makofi, na akaondoka hana alichojifunga nacho.

Kazi inayoelezwa hapa huchukua jioni tatu au nne, daftari moja la skuli, kalamu, na saa ya simu.

Jua kwanza ni rais yupi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina Nyongeza ya Kwanza, na humo ndimo ilimo orodha ya Mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11; sasa ni 22. Ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, mambo ya nje, sarafu, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, elimu ya juu, Baraza la Mitihani na Mahakama ya Rufani yote yamo. Yasiyokuwamo ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar: maji, spitali, skuli za maandalizi, msingi na sekondari, ardhi, karafuu, mwani, utalii, barabara za visiwani.

Sasa chukua ahadi uliyoisikia uitie kwenye moja ya mafungu hayo mawili. Mgombea wa urais wa Muungano akija Gombani akaahidi visima Micheweni, bajeti ya maji ya Micheweni haipitishwi Dodoma. Inapitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Usimwambie kwamba hana mamlaka, maana hapo utakuwa umeanzisha ubishi, na mwenye kipaza sauti ndiye hushinda ubishi. Muulize njia: "Fedha hizo zitapitia wizara gani, ya serikali ipi?" Vivyo hivyo kwa mgombea wa urais wa Zanzibar anayeahidi kuongeza askari polisi au kuondoa kodi ambayo si yake kuiondoa.

Pana mambo yaliyokaa katikati, na hayo yanataka uangalifu. Bandari imo katika orodha ya Muungano, lakini bandari ya Malindi iko chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar. Mafuta na gesi nayo yamo, ila sheria ya petroli ya Muungano ya 2015 iliipa Zanzibar nafasi ya kusimamia yake, na Zanzibar ikatunga sheria yake 2016. Umeme ni mfano mzuri zaidi. Shirika la umeme, ZECO, ni la Zanzibar, lakini sehemu kubwa ya umeme wenyewe inanunuliwa Tanzania Bara: Unguja unafika kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kwa waya wa kutoka Tanga tangu 2010. Waliokuwapo Unguja mwisho wa 2009 wanakumbuka waya ulipoharibika na mji ukakaa gizani miezi mitatu. Ahadi ya "umeme wa uhakika" basi ina wenyewe wawili, na suali lake lazima liende kwa wagombea wote wawili, kila mmoja kwa sehemu yake: wa Zanzibar aulizwe megawati ngapi zitazalishwa hapa hapa visiwani, na wa Muungano aulizwe bei ya kuuziwa Zanzibar.

Kuna suali jengine ambalo Zanzibar pekee ndiko lina maana, na ni nadra kulisikia likiulizwa. Tangu marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, serikali ni ya Umoja wa Kitaifa. Chama cha pili kikitimiza masharti hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri. Mgombea anaweza kushindwa urais na bado akaingia serikalini. Kwa hiyo kila mgombea wa urais wa Zanzibar aulizwe: "Ukiwa wa pili, ipi katika ahadi zako utaibeba serikalini, na utakubali wizara gani ili uitekeleze?" Atashtuka, maana hakuna mgombea anayependa kuzungumzia kushindwa. Jibu lake ndilo litakuonyesha ahadi ipi ni ya kweli kwake na ipi ni ya jukwaani.

Daftari, na madaraja ya vitenzi

Ahadi isiyoandikwa siku ile ile hubadilika. Kesho yake barazani mmoja kasikia "tutajenga", mwengine kasikia "tutaangalia namna ya kujenga", na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo ahadi yenyewe. Piga mistari kwenye kurasa mbili zinazotazamana upate safu sita: tarehe na mahali, maneno yake kama alivyoyasema, mwenye mamlaka, kiasi, mwisho wake lini, fedha itoke wapi. Safu ya pili iwe pana kuliko zote. Usiandike muhtasari wako, andika maneno yake.

Jaza unachokipata, kisichopatikana kiache kitupu. Safu tupu ndizo masuali yako. Ahadi yenye safu tatu tupu inafaa kuulizwa kuliko yenye moja, ila usikimbilie kuuliza zote tatu.

Vitenzi vya ilani vina madaraja kama karafuu. Daraja la kwanza ni kujenga, kununua, kulipa, kuajiri, kitenzi kikifuatwa na idadi. La pili ni kuanza na kukamilisha. Hivi vinapimika, lakini "kuanza" hutimia kwa jiwe la msingi na picha. La tatu ni kuendelea na kuimarisha. Aliyeahidi kuendelea hawezi kushindwa, maana hata akifanya kidogo kuliko jana bado ameendelea. Halafu kuna mpeta, karafuu duni kuliko zote: kuhamasisha, kuangalia uwezekano, kuweka mazingira wezeshi. Chukua ilani ya chama chochote, sura ya Zanzibar, upige mstari chini ya kila kitenzi kwa rangi nne. Kazi hiyo haizidi saa mbili, na utakapomaliza utakuwa umejua ahadi gani zinastahili suali na zipi zimeandikwa ili zisiulizwe.

Mfano wa ahadi iliyokamilika upo nyumbani. Pensheni jamii ilipoanza Aprili 2016 ilijulikana ni ya nani (mwenye miaka 70 na kuendelea), ni kiasi gani (shilingi 20,000), na kila baada ya muda gani (kila mwezi). Bibi wa Jang'ombe hakuhitaji mtaalamu kujua kama imetekelezwa. Alikwenda kuchukua au hakupata. Kila ahadi unayoiandika ilinganishe na hiyo.

Ipigie hesabu kabla hujafungua mdomo

Muhula ni miaka mitano, miezi 60. Gawa.

Tuseme mgombea ameahidi ajira 100,000. Ni ajira 20,000 kwa mwaka, kama 1,667 kwa mwezi, kama 55 kwa siku, Ijumaa na Idi ndani yake. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, watoto na wazee wote pamoja. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba haiwezekani. Inakupeleka kwenye suali lenye nguvu, nalo ni ajira maana yake nini: mwalimu aliyepewa barua ya ajira, kibarua wa miezi mitatu kwenye jengo la hoteli, au kikundi cha watu 20 kilichopewa mkopo na kila mmoja wao akahesabiwa ameajiriwa? Namba kubwa za ajira hupatikana kwa njia hiyo ya tatu. Mkamate kwenye tafsiri, namba itajirekebisha yenyewe.

Pensheni ikiahidiwa kufika 100,000 na unakadiria wazee 30,000, hiyo ni bilioni 3 kwa mwezi, bilioni 36 kwa mwaka, kila mwaka. Ahadi ya jengo hulipwa mara moja, ahadi ya malipo haiishi, wengi huzichanganya.

Ahadi ya kuondoa mikondo miwili maskulini inapigiwa hesabu na mzazi yeyote. Skuli ina watoto 1,600 na vyumba 20. Ukikadiria watoto 45 kwa chumba, wote wakiingia asubuhi pamoja panatakiwa vyumba 36. Pana upungufu wa 16, na walimu wake, na vyoo vyake. Nenda skuli ya shehia yenu ukahesabu vyumba, muulize mwalimu mkuu idadi ya watoto, kisha suali lako liwe la skuli hiyo moja. Mgombea ana majibu tayari kuhusu elimu Zanzibar. Kuhusu vyumba 16 vya skuli yenu hana.

Jambo la mwisho katika hesabu ni kalenda ya fedha, na hapa ndipo ahadi za "siku mia moja" hukwama. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Uchaguzi huwa mwisho wa Oktoba. Anayeapishwa Novemba anaikuta bajeti iliyopitishwa Juni, yenye mafungu ya mtangulizi wake (hata kama mtangulizi ni yeye mwenyewe), na ataishi nayo karibu miezi minane. Siku mia zake zinakwisha katikati ya Februari. Kwa hiyo anayeahidi kitu cha fedha ndani ya siku mia aulizwe suali hili moja: "Kitalipwa kutoka fungu gani la bajeti iliyopo, na nini kitapunguzwa?"

Karatasi za kuzitafuta

Usijitie ukarani. Vitu vitatu vinatosha: ilani ya chama, hotuba ya bajeti ya mwaka huu, na ripoti ya karibuni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Mapinduzi. Vingi vimo mtandaoni. Kijana mmoja wa shehia atakupakulia. Takwimu za watu, bei na mavuno ziko kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali.

Ndani ya hotuba ya bajeti angalia safu mbili tu: fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa. Mradi ulioidhinishiwa bilioni kumi ukatolewa mbili ni mradi uliosimama, hata kama umo katika orodha ya mafanikio. Halafu angalia chanzo: fedha za ndani, mkopo, au mhisani. Mkopo hutegemea saini ya mtu wa nje, na mgombea anayeahidi tarehe kwa fedha za mkopo anaahidi kalenda ya mwengine.

Kutoka karatasi zote hizo chukua namba moja uende nayo. Namba mbili zinamchanganya msikilizaji. Tatu zinakufanya uonekane umetumwa.

Kulitunga suali

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tazama suali kama linavyoulizwa mara nyingi:

"Mheshimiwa mgombea, sisi wanawake wa hapa tunateseka na mwani, tunatoka alfajiri, kamba zinakatika, bei ndogo, wanunuzi wanatupangia wanavyotaka wao, na watoto wetu madarasa hawana, na maji yenyewe ya mfereji hatuyaoni, sasa wewe tukikuchagua una mpango gani wa kutusaidia?"

Kila neno humo ni la kweli. Lakini mambo ni matatu, na mgombea atachagua lililo jepesi. "Una mpango gani" inamwomba hotuba, na hotuba anayo. "Kutusaidia" inamfanya mfadhili na wewe mwombaji, akasahau kwamba yeye ndiye aliyekuja kuomba.

Sasa suali lile lile baada ya kulichonga:

"Assalamu alaykum, mheshimiwa. Mimi mkulima wa mwani. Juzi Chake Chake umesema utapandisha bei ya mwani. Mwaka wako wa kwanza ukimalizika, kilo moja ya spinosamu mkavu itanunuliwa shilingi ngapi, na nani atainunua?"

Ni maneno kama thelathini, sekunde ishirini. Limeanza na maneno yake mwenyewe, mahali na siku, kwa hiyo hawezi kusema hakusema. Spinosamu imetajwa kwa sababu bila kutajwa atajibu kwa bei ya kotonii, aina nyengine ya mwani, ambayo bei yake ni kubwa, na kotonii hufa maji yakipata joto, hivyo wengi hawailimi. "Mkavu" kwa sababu inataka kilo saba au nane za mbichi kupata kilo moja kavu. Bei ya kilo bila neno hilo haina maana. Lina kikomo cha muda. Na "ngapi" imefungwa na "nani", maana bei isiyo na mnunuzi ni maneno matupu. Hayo ni masuali mawili, kweli, lakini la pili halijibiki peke yake, ndipo likakubalika.

Tumia viulizo vyenye jibu fupi: lini, ngapi, nani, wapi, fungu gani. Epuka "vipi", "kwa nini" na "mpango gani". Hivyo ni milango ya ghala lake la hotuba. "Kwa nini hamkufanya?" ni suali la haki kabisa na halina faida, kwa sababu litajibiwa kwa historia, na historia ya visiwa hivi kila chama kina yake.

Karafuu inataka uangalifu wake. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Serikali ya awamu ya saba, ya Dk. Ali Mohamed Shein, ilijifunga kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Hiyo ni ahadi bora kuliko "bei nzuri", maana ina asilimia, ila bado ina tundu: bei ya dunia ya soko gani, ya mwezi gani? Mgombea akikwambia "tutawalipa vizuri wakulima wa karafuu", muulize asilimia ngapi. Akitaja asilimia, muulize ya bei iliyotangazwa wapi. Suali la pili hilo ndilo watu husahau kuliandaa.

Ukishaliandika, lisome kwa sauti mara tatu huku saa ya simu inahesabu. Likizidi sekunde 25, kata. Kisha mwambie jirani asiye wa chama chako alisikilize na akwambie unaulizia nini. Akikosea, suali bado halijaiva.

Kulifikisha

Mkutano wa hadhara si mahali pake. Pale Kibanda Maiti au Tibirinzi kuna ngoma, kuna orodha ya wazungumzaji, kuna saa ya kumaliza, hakuna suali. Anayepiga kelele kutoka katikati ya watu huchukuliwa kuwa mfanya fujo. Mkutano wa hadhara nenda ukaandike ahadi.

Masuali huulizwa mikutano ya ndani: ya wavuvi, wakulima wa mwani, wazee, watu wenye ulemavu, wafanyabiashara, vijana. Mikutano hii hupangwa siku mbili tatu kabla na ofisi ya chama ya wilaya au jimbo. Nenda ofisini mapema umuulize mratibu ni kundi gani linakutana na mgombea na lini. Mwambie unataka kuuliza, mtajie jambo (mwani, maji, skuli), lakini usimpe suali lililoandikwa. Karatasi za masuali zinazokusanywa mlangoni hupangwa upya kabla hazijafika mezani, na lako likiwa kali litakuwa la mwisho, muda umekwisha.

Kaa karibu na njia, si ukutani. Mikutano mingi wanaume huwa upande mmoja na wanawake upande mwengine, na kipaza sauti huanza upande wa wanaume kikachelewa kuvuka. Suali la kikundi mpeni mama mtu mzima, anayejulikana, aliyekaa safu ya pili au ya tatu. Hanyang'anywi kipaza sauti kirahisi. Na kipaza sauti chenyewe usikiachie kabla hujamaliza. Msaidizi akitaka kukishika yeye, mwache ashike, lakini wewe endelea kuzungumza.

Pemba ina shida yake: mgombea wa urais wa Muungano mara nyingi hupita kwa saa chache tu. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni barua: ukurasa mmoja, suali moja, majina ya waliosaini na shehia yao, nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa katika ofisi ya chama. Ya pili ni mgombea wa uwakilishi au ubunge wa jimbo lenu. Huyo anakaa kwenu, anauhitaji uso wako kesho, na anaweza kumuuliza mkubwa wake garini. Mpe siku tatu, kisha mfuate.

Redio nazo zina nafasi. Katika vipindi vya simu, vya ZBC, vya redio binafsi au vya redio za jamii kama Micheweni na Tumbatu, piga kabla kipindi hakijaanza, kaa pahala penye mtandao, zima redio iliyo karibu nawe isije ikapiga mwangwi, na anza na suali moja kwa moja. Salamu za kuwataja jamaa wote zitakumalizia salio na muda.

Anapokwepa

Andaa suali la kufuatia kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu ukiwa umesimama hutalipata. Mikwepo inajulikana.

Atasema "suala hilo tumelichukua". Mjibu kwa upole: "Nashukuru, mheshimiwa. Tulifuatilie kwa nani, na baada ya siku ngapi?" Jina au cheo kimoja kinatosha.

Atakusimulia yaliyokwishajengwa: barabara, uwanja wa ndege, masoko. Yawe ya kweli au si ya kweli, wewe hukuuliza hayo. "Hayo tumeyaona, mheshimiwa. Mimi nimeuliza la mwaka ujao." Usibishane hata kama moja alilolitaja unajua halijakwisha.

Atakugeuzia suali: "Mnataka nini nyinyi?" Hili ni la hatari kuliko yote maana lina heshima ndani yake, na ukumbi utaanza kupiga kelele za mahitaji. Rudia suali lako neno kwa neno. Ndiyo sababu lilipaswa kuwa fupi.

Atafanya mzaha, watu wacheke. Cheka nao, kisha nyamaza umesimama. Mzaha una sekunde zake. Ukimya wako baada ya hapo unamrudisha kwenye jibu. Mgombea wa upinzani naye ana mkwepo wake, "serikali yetu itafanya utafiti kwanza", na huo ufuatie kwa: "Utafiti utakwisha mwezi gani?"

Fuatilia mara moja tu. Mara ya pili ukumbi unakugeukia, na mwenye kosa unakuwa wewe.

Adabu na usalama

Watu wazima wa visiwa hivi wanaikumbuka Januari 2001, waandamanaji walipouawa, na uchaguzi wa Oktoba 2015 uliofutwa ukarudiwa Machi 2016. Hofu ya kusimama na kuuliza ina sababu zake, na ushauri wa "usiogope" hausaidii. Yanayosaidia ni mambo madogo. Usivae fulana, kofia wala kanga ya chama chochote. Nendeni watatu, mkae pamoja, muondoke pamoja. Suali lielekee ahadi, lisimguse mtu, ukoo wala upande wa kisiwa. Zaidi ya yote, waulize wagombea wote suali lile lile kwa maneno yale yale, na wote wajue hivyo: "Suali hili tumemuuliza na mwenzako." Mtu aliyewauliza wote ni shida kumbandika chama.

Ukitaka tegemeo la kisheria, Ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inahusu uhuru wa maoni na haki ya raia kupewa taarifa. Ijue, lakini usiinukuu ukumbini. Anayenukuu katiba mbele ya watu huonekana anatishia.

Kulihifadhi jibu

Rekodi sauti, acha picha. Simu mfukoni mwa shati hurekodi msuguano wa nguo, kwa hiyo ishike mkononi au iweke juu ya paja. Kabla mkutano haujaanza sema kwa sauti ndogo tarehe, mahali na jina la mkutano, ili rekodi ijishuhudie yenyewe. Usiku huo huo nakili jibu daftarini, neno kwa neno, na hapo walipocheka andika "kicheko". Lipe faili jina lenye tarehe na jambo, na nakala moja mpe mtu wa nyumba nyengine. Simu huanguka baharini.

Usirushe kwenye makundi ya WhatsApp kipande cha sekunde kumi. Kikikatwa, mgombea atasema kimekatwa, na atakuwa na haki. Rusha suali na jibu lote, au andika maandishi.

Daftari lifungwe kwenye mfuko wa nailoni likae mahali pakavu mpaka Juni. Bajeti ya kwanza ya serikali mpya ikisomwa Chukwani, na ile ya Muungano ikisomwa Dodoma, lifungue. Kwa kila ahadi tafuta fungu lake, uandike kiasi katika safu ya sita kwa wino wa rangi nyengine. Ambayo haina fungu mwaka huo haitafanyika mwaka huo, hata ikitajwa kwenye hotuba. Nakili hizo peke yake kwenye ukurasa mmoja umpelekee mwakilishi wa jimbo lenu, na umwombe akupigie muhuri nakala yako.